Barua ya "kuacha kazi kwa hiari" inawanyima wafanyakazi fao lao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie fao la kukosa ajira, hasa kwa wafanyakazi wa sekta binafsi ambao michango yao iko NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Fao hili limo katika mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, yaliyounganisha mifuko ya watumishi wa umma kuwa PSSSF na kuiachia NSSF sekta binafsi pamoja na waliojiajiri. Miaka imepita, lakini mfanyakazi wa kawaida bado analichanganya na lile fao la kujitoa la zamani, la kwenda dirishani na kuchukua kila alichochanga. Akipata barua ya kuachishwa ndipo anaanza kuuliza, na mara nyingi anauliza akiwa ameshaweka saini mahali pasipofaa.

Masharti yenyewe si mengi. Mwanachama awe raia wa Tanzania, hajafikisha miaka 55, amechangia angalau miezi 18, na ajira yake imekoma bila yeye mwenyewe kuiacha. Akitimiza hayo analipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa miezi sita. Aliyechangia chini ya miezi 18 hapati malipo ya kila mwezi. Anapewa nusu ya michango yake kwa mkupuo. Watu wa kazi za msimu na za miradi sitawagusa hapa. Naandika kwa ajili ya mwenye ajira ya mshahara wa mwezi kiwandani, shuleni, hotelini, dukani au ofisini.

Sharti linaloumiza watu ni lile la nne. Biashara ikiyumba, mwajiri anawaita wafanyakazi mmoja mmoja na kuwaambia: "Andika barua ya kuacha kazi, Ijumaa utalipwa chako chote, tusisumbuane." Mfanyakazi ana kodi ya nyumba na watoto shuleni, anaona heri pesa ya Ijumaa kuliko mzozo. Anaandika. Hapo mwajiri amekwepa utaratibu wote wa kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, unaomtaka atoe taarifa ya nia ya kupunguza wafanyakazi, aeleze sababu, na ashauriane nao au na chama chao kuhusu namna ya kuepuka upunguzaji huo au kupunguza ukubwa wake, nani watapunguzwa, kwa vigezo gani na lini. Mfanyakazi naye amepoteza mambo mawili kwa kalamu moja. Mfuko utasoma barua yake na kuona mtu aliyeacha kazi kwa hiari. Na akitaka kulalamika, mwajiri atatoa barua hiyohiyo kama ushahidi.

Kwa hiyo neno la kwanza kwa yeyote anayeitwa ofisini kwa habari hiyo ni hili: usiandike wewe. Anayesitisha ajira ndiye mwenye wajibu wa kuandika. Barua ya mwajiri iwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, iwe na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, tarehe ya kuanza kazi, tarehe ya mwisho wa kazi, sababu, saini na muhuri. Sababu iandikwe waziwazi. "Ajira yako inasitishwa kuanzia tarehe fulani kutokana na kupunguzwa kwa wafanyakazi" inaeleweka na kila ofisa. "Kufuatia mazungumzo yetu, umeridhia kuondoka" haifai, hata kama malipo yaliyoandikwa chini yake ni mazuri. Ukiletewa barua ya Kiingereza usiyoielewa vizuri, omba uondoke na nakala ukasomewe kabla ya kusaini. Ukilazimika kusaini hapohapo kwamba umeipokea, andika juu ya saini yako "nimepokea tu, sijakubali yaliyomo" na uweke tarehe.

Aliyekwisha kusaini kwa shinikizo hajafungiwa milango yote. Kifungu cha 36 cha sheria hiyohiyo kinahesabu kuwa ameachishwa pia mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri aliifanya kazi hiyo isivumilike. Lakini hilo linahitaji kuthibitishwa, na mahali pa kulithibitisha ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Hapo ndipo penye shimo la pili, la muda. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Madai mengine, kama mishahara isiyolipwa, yana siku 60. Siku hizo zinahesabiwa za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo. Wengi wanazimaliza wakisubiri ahadi: njoo wiki ijayo, mhasibu amesafiri, hundi inasubiri saini ya bosi. Wiki nne zikiisha, mwajiri hapokei tena simu. Mtu anaweza kuomba CMA imwongezee muda, ila atatakiwa kueleza kila siku aliyochelewa, na "niliahidiwa" peke yake haimtoshi msuluhishi.

Kulalamika CMA hakuna ada, wala hakuhitaji wakili. Unachukua fomu namba moja, CMA F.1, unaijaza, unampelekea mwajiri nakala kwanza na kuhakikisha amesaini au amegonga muhuri wa kupokea, kisha unaipeleka Tume pamoja na uthibitisho huo. Akikataa kupokea, nenda na shahidi na uieleze Tume jinsi ulivyojaribu kumfikishia. Fomu ina Sehemu B kwa ajili ya migogoro ya kuachishwa kazi tu. Watu huiruka wakidhani si yao, na shauri linatupwa kwa sababu hiyo. Taja pia madai yote na kiasi cha kila dai, kwa maana usichokiandika humo utapata taabu kukidai baadaye. Mahakama zetu zinaihesabu fomu hiyo kama hati ya madai yenyewe. Tarehe ya mgogoro iwe ileile iliyo kwenye barua ya kuachishwa. Tofauti ya siku mbili tatu tu inatosha kukuletea pingamizi la muda. Usuluhishi una siku 30, ukishindikana mnakwenda kwenye uamuzi. Watumishi wa umma njia yao ni nyingine. Wao wanatakiwa kwanza kumaliza ngazi za rufaa ndani ya utumishi, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma.

Nina ombi kwa mifuko katika hili. Mwanachama akija na barua ya "kuacha kwa hiari" lakini akawa pia na fomu ya CMA iliyogongwa muhuri ndani ya siku 30, dai lake lisirudishwe kama la mtu aliyejitoa. Lipokelewe, lifunguliwe jalada, lisubiri uamuzi. Leo anarudishwa nyumbani mikono mitupu, na uamuzi ukitoka miezi mingi baadaye anaanza upya kutafuta nyaraka ambazo nyingine kampuni imeshazifungia au kuzichoma. Mwajiri anayejua kwamba barua ya kulazimishwa haimalizi mambo atafikiri mara mbili kabla ya kuidai.

Tukiacha fao la mfuko, kuna stahili za mwajiri mwenyewe, na hizi watu huzichanganya na pesa za NSSF. Kifungu cha 44 kinamtaka mwajiri alipe mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi, likizo ambayo hukuichukua, sehemu ya likizo ya mwaka ambao haujakamilika, malipo ya notisi kama hukupewa muda wa notisi, kiinua mgongo, na nauli ya kukurudisha ulikoajiriwa kama uliajiriwa mahali pengine. Nauli hiyo ni pamoja na mizigo yako, na mpaka utakaposafirishwa unastahili posho ya kujikimu. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10, kwa aliyefanya kazi mfululizo angalau miezi 12. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati.

Chukua mtu wa mshahara wa 600,000 aliyefanya kazi miaka mitano, siku sita kwa wiki. Sheria inagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, na wa wiki kwa siku za kazi. Hiyo ni kama shilingi 23,000 kwa siku. Siku 7 mara miaka mitano ni siku 35, yaani takriban shilingi 808,000. Anayepewa bahasha ya laki tatu na kuambiwa "hiki ndicho kiinua mgongo chako" aombe mchanganuo wa maandishi kabla ya kusaini kuwa amelipwa chote. Aombe pia cheti cha utumishi. Sheria inamlazimu mwajiri kukitoa, na kitahitajika kwenye kazi inayofuata.

Sasa mfuko. Kwa kawaida dai linakwenda na fomu ya madai, barua ya kuachishwa, kitambulisho cha taifa, kadi au namba ya uanachama, taarifa za akaunti ya benki na picha ndogo. Akaunti iwe yako, yenye jina lilelile, na iwe hai. Akaunti ya mshahara iliyolala miezi kadhaa bila muamala inaweza kurudisha malipo, na malipo yaliyorudi yanachukua muda kutoka tena. Majina ndiyo yanayokwamisha dai kuliko kitu kingine chochote. Kazini aliandikishwa "Juma A. Hamisi", NIDA inasema "Juma Ally Khamis", benki ina "Hamis Juma". Kwa macho yetu ni mtu mmoja, kwa kompyuta ni watatu. Rekebisha mapema ukiwa bado kazini, kwa sababu idara ya rasilimali watu ikiandika barua moja ya kuthibitisha jina, kazi inakuwa nyepesi. Ukishatoka utahitaji hati ya kiapo cha majina, nayo ina gharama.

Halafu kuna michango yenyewe. Kwenye karatasi ya mshahara makato yanaonekana kila mwezi, lakini ukichapisha taarifa ya michango unakuta Januari ipo, Februari ipo, Machi hadi Agosti patupu, Septemba ipo. Mwajiri amekata lakini hakuwasilisha. Sheria inampa mwezi mmoja baada ya mwisho wa mwezi wa mshahara awe ameshawasilisha, na kutowasilisha ni kosa lenye adhabu. Kwa mfanyakazi mwenye miezi 22 ya kazi, mapengo sita yanamshusha hadi 16, na hapo ameanguka chini ya 18. Anayekumbana na hilo aende ofisi ya mfuko aonane na ofisa matekelezo, yule anayefuatilia waajiri wasiowasilisha michango, si dirisha la mafao, akiwa na mkataba, karatasi za mshahara za miezi iliyoruka na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia. Malalamiko yawe ya maandishi na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakiwa wengi wa kampuni moja waende kwa pamoja, kwa kuwa ukaguzi unafanywa kwa mwajiri mzima.

Wafanyakazi walio kazini leo wasome hili kwa makini kuliko wengine. Taarifa ya michango inaangaliwa kwenye simu bila kupanga foleni, nayo PSSSF ina programu yake ya Kiganjani. Kuiangalia kila baada ya miezi mitatu kunatosha. Pengo la mwezi mmoja likidaiwa mapema, mhasibu analiziba kimyakimya. Pengo la mwaka kwenye kampuni iliyofunga milango ni kesi.

Kuhusu kiasi, niseme ninavyoona. Kwa mshahara wa 600,000, asilimia 33.3 ni shilingi 199,800 kwa mwezi, na kwa miezi sita ni 1,198,800. Mtu huyohuyo, kwa mchango wa asilimia 20 unaogawanywa kati yake na mwajiri, alikuwa akiwekewa 120,000 kila mwezi. Kwa miaka mitano hiyo ni milioni 7.2, kabla ya faida yoyote. Aliyechangia miezi 18 na aliyechangia miaka 15 wanapewa miezi sita ileile. Hilo si haki. Muda wa malipo ungefuata muda wa kuchangia, tuseme mwezi mmoja wa nyongeza kwa kila mwaka mmoja au miwili ya michango, ukiwa na kikomo, kama wanavyofanya Afrika Kusini katika mfuko wao wa kukosa ajira, ambako siku za fao zinakua kadiri siku za kazi zilivyokuwa nyingi. Sitetei kurudi kwa fao la kujitoa. Aliyechukua chote akiwa na miaka 35 anafika 60 hana pensheni, kwa sababu pensheni inahitaji miezi 180 ya michango. Lakini mtu wa makamo aliyechanga miaka mingi, akapewa miezi sita na kuambiwa nyingine asubiri uzeeni, ana haki ya kuuliza ataishi vipi hapo katikati. Wenye nyumba wa Dar es Salaam wanataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa pamoja, wakati fao linakuja kwa vipande vya mwezi. Mfuko ungemruhusu mwanachama anayetaka kuchukua miezi miwili au mitatu ya kwanza kwa pamoja, ungemwokoa kutupiwa vitu nje bila kuutoa mfuko senti zaidi.

Tusisahau hata hiki kidogo tulichonacho. Jirani zetu Kenya, pamoja na NSSF yao, hawana fao la aina hii. Wanaopunguzwa kazini wanategemea malipo ya mwajiri ya siku 15 kwa kila mwaka. Letu lipo kisheria, na ndiyo maana inauma kuona watu wanalikosa kwa sababu ya karatasi.

Miezi hiyo sita ndiyo ya kutafuta kazi, na kutafuta kazi kuna gharama zake. Tenga sehemu ya malipo ya kwanza kwa nauli, nakala na mihuri ya wakili. Kwa kazi za serikali, maombi yanapita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na wengi wanaanguka kabla ya usaili. Wanaweka hati za matokeo badala ya vyeti kamili, jambo ambalo matangazo yanasema wazi halikubaliwi. Nakala za vyeti hazijathibitishwa. Barua ya maombi haina saini, au imeelekezwa kwa taasisi nyingine kwa kuwa ilinakiliwa kutoka maombi ya mwezi uliopita. Aliyesoma nje ya nchi hajapata ithibati ya cheti chake kutoka mamlaka husika. Siku ya usaili anatakiwa aje na vyeti halisi pamoja na kitambulisho, na jina lisilofanana linamrudisha mlangoni. Kiapo kilekile cha majina kilichotumika NSSF kitumike na hapa. Na wakala anayedai "ada ya usajili" ili akuunganishe na mwajiri, mkimbie. Wakala wa ajira analipwa na mwajiri, si na mtafuta kazi.

Kazi ikipatikana kabla miezi sita haijaisha, toa taarifa mfukoni. Fao ni la asiye na ajira, na mchango mpya ukionekana kwenye mfumo huku malipo yanaendelea utadaiwa ulichozidishiwa. Mwajiri mpya mpe namba yako ileile ya uanachama siku ya kwanza. Baadhi ya waajiri huwaandikisha wafanyakazi upya kwa haraka, mtu anajikuta na namba mbili, michango ya zamani huku na mipya kule, na akipoteza kazi tena kila namba inaonekana haijafika miezi 18. Mwenye tatizo hilo aandike barua ya kuomba namba ziunganishwe, aambatishe kitambulisho cha NIDA na cheti cha utumishi kutoka kila mwajiri, na baada ya hapo achapishe taarifa mpya ahakikishe miezi yote imehamia kwenye namba moja.

Msomaji wako,
Dar es Salaam